Gari Jeusi Kwenye Karatasi ya Pearl

Kufikia saa nne asubuhi Sajini Marlys Tuomi alikuwa ameshaharibu karatasi tatu, na subira yake ilikuwa imebaki kiasi cha kujaza kijiko.

Ya kwanza aliipachika kwenye kibebeo cha mbao cha kuingizia karatasi ndani ya kamera, uso ukitazama nyuma, ikatoka ukungu mtupu. Ya pili alisahau kuchomoa kifuniko cha kibebeo, ikatoka nyeupe kama ilivyotoka dukani. Ya tatu alichomoa kifuniko vizuri kabisa, kwa madaha hata, isipokuwa lenzi ilikuwa wazi muda wote huo, ikatoka nyeusi tii.

"Tena," alisema Gaylord Stenman.

"Ukinitamkia hilo neno mara nyingine, mwalimu, nakutia pingu."

"Kwa kosa gani, afande?"

"Nitalitafuta. Kitabu cha sheria ni kinene."

Gaylord hakucheka. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, aproni ya mpira kifuani, vidole vimeshika madoa ya kahawia ya dawa za kusafishia picha. Kwa miaka mingi alikuwa akiwafundisha watu wa Kettle Harbor kupiga picha kwa kamera kubwa za mbao, zile za miguu mitatu ambazo mpigaji hujifunika kitambaa cheusi kichwani. Chumba chake cha giza kilikuwa ghorofa ya chini ya jengo lililokuwa la dobi. Filamu kubwa ni ghali, kwa hiyo wanafunzi walianza na karatasi: karatasi ile ile ya kuchapia picha hukatwa, ikatiwa ndani ya kamera badala ya filamu, na humo hutoka negativu, cheupe kikiwa cheusi na cheusi kikiwa cheupe. Negativu hiyo hulazwa juu ya karatasi nyingine, ikamulikwa taa, ndipo picha yenyewe hupatikana. Hayo yote Marlys alitakiwa ayaeleze mbele ya jaji saa tisa alasiri, bila kutafuna maneno.

Kwa sababu picha moja ya namna hiyo ilikuwa imemweka mtu ndani.

Jumanne iliyopita Lyle Oberg, fundi wa mashua aliyetengeneza pia kamera za mbao, alikutwa chini ya ngazi ya karakana yake kando ya ziwa, kichwa kimepasuka. Mpaka leo alikuwa hospitalini, hajafumbua macho. Hakuna kilichoibwa. Ghorofani jiko la kuni lilikuwa bado lina joto, na ndani yake mlikuwa na mabaki ya karatasi nene zilizojikunja, ambazo polisi waliziandika kuwa takataka. Jioni ya kuamkia siku hiyo, mgahawa mzima ulimsikia Dewey Kangas, mume wa binti yake Lyle, akimwambia mzee kwamba asipoacha kuingilia ndoa ya watu atamfunga mdomo kwa mikono yake mwenyewe. Dewey alidai kwamba Jumanne asubuhi alikuwa msituni peke yake akiwinda kwale. Kwale hawatoi ushahidi.

Kisha ikaja picha. Pearl Aune, dereva mstaafu wa basi la shule, alikuwa amesimamisha kamera yake kwenye gati asubuhi ile ile kwa zoezi la darasa, kupiga daraja. Katika picha yake, pembeni kulia, mbele ya karakana ya Lyle, imesimama pikapu. Nyeusi. Na Dewey ana pikapu nyeusi.

Wakili wa Dewey akaja juu. Picha gani hii ya karatasi, nani anajua haikuchezewa? Mwendesha mashtaka, Trygve Bakke, akataka shahidi wa kueleza inavyotengenezwa. Pearl mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa juzi juzi. Gaylord alisema mahakamani haendi, moyo wake haupatani na ngazi. "Basi wewe, Marlys," alisema Bakke. "Kajifunze. Una asubuhi nzima." Kama vile anamtuma mkate.

Yote hayo Marlys angeyabeba. Lililomkaa kooni ni Carla, binti wa Lyle, aliyemngoja kwenye korido ya kituo tangu alfajiri, koti amelifunga vifungo visivyolingana.

"Nimemwambia Dewey asinipigie tena," Carla alisema. "Nimemwambia afie humo humo. Watoto nimewaambia wasimuulizie. Nithibitishie tu kwamba sikukosea, Marlys. Sitaki kingine."

"Leo utajua," Marlys alijibu, na tangu hapo alikuwa akijilaumu kwa kufungua mdomo.

Sasa aliitazama karatasi yake ya tatu, ile nyeusi tii, akaikunja ngumi nzima na kuilenga kwenye pipa la taka.

Mkono wa Gaylord ulimdaka kiwiko kabla hajarusha.

"Usikunje."

"Imeharibika, bwana. Si unaiona?"

"Nani kakwambia imeharibika? Wewe?" Sauti yake ilikuwa imepanda ghafla. "Hapa karatasi haichanwi, haikunjwi wala haitupwi mpaka mimi niitazame. Kila mtu anayeingia hapa analijua hilo."

Akaichukua, akainyoosha mezani kwa kiganja, polepole, ingawa hata kipofu angejua haina kitu. Pearl, aliyekuwa kwenye kiti akikata keki ya tufaha aliyotoka nayo nyumbani, aliinamisha macho kwenye kisu. Marlys alimtazama mzee yule anavyobembeleza karatasi isiyo na picha, akajisemea kwamba kila kazi ina wendawazimu wake.

"Nne," alisema. "Nipe ya nne tuyamalize."

Walitoka nje, yeye na Pearl, mpaka kwenye kona ya barabara mbele ya jengo. Gaylord alibaki mlangoni, mikono nyuma. Mbele yao palikuwa na kanisa la Walutheri, duka la zana za uvuvi, na kibao cha njia panda cha kusimamisha magari. Gaylord alikuwa amependekeza wapige mti wa mbetula nyuma ya kanisa, mti mweupe mzuri, anayeanza huupenda. Marlys alimwambia hana haja ya mti mzuri, ana haja ya jambo hili liishe. Akaielekeza kamera kwenye kona kama ilivyo, akaingia chini ya kitambaa cheusi.

Mle ndani palikuwa na giza na harufu ya vumbi. Kwenye kioo cha ukungu, dunia ilikuwa imepinduka: kanisa limesimama kwa mnara, anga liko chini, kulia kumekuwa kushoto, na kila kitu ni hafifu kiasi cha kukulazimisha ukodoe macho. Alizungusha kitasa mpaka herufi za duka zikakaza. Alisikia gari likipita. Hakuliona.

Mikono yake ikasimama.

"Pearl," aliita akiwa bado mle chini. "Siku ile gatini ulikuwa umejifunika hivi hivi?"

"Sasa ningejifunika vipi vingine, mwanangu?"

"Uliniambia uliliona gari jeusi mbele ya karakana ya Lyle."

"Niliona."

"Lini?"

"Lilipotokea."

"Lilipotokea wapi?"

"Kwenye trei. Humo humo chumbani. Kwanza likaja anga, kisha karakana, kisha—"

Marlys alichomoka kitambaani nywele zimesimama. Alihesabu pumzi zake kabla ya kusema, kama daktari wake alivyomshauri, na kama kawaida haikusaidia.

"Pearl. Mama yangu. Nimeandika kwenye taarifa kwamba uliliona. Kwa macho. Ukiwa pale gatini."

"Na ni kweli lilikuwepo. Si lipo kwenye picha? Kitu kisipokuwepo kitaingiaje kwenye picha?"

"Ukiwa pale, kwa macho yako mawili, ulitazama upande wa karakana?"

"Mimi? Nilikuwa nahangaika na daraja lililosimama miguu juu. Upepo unanivulia kitambaa, machozi yananitoka kwa baridi. Nipate wapi nafasi ya kutazama magari ya watu?"

"Kwa nini hukuniambia hivyo?"

"Hukuniuliza hivyo," alisema Pearl kwa upole mkubwa. "Uliniuliza gari lilikuwa la rangi gani. Nikaitazama picha nikakwambia."

Marlys aliketi juu ya kisanduku cha kamera. Shahidi wake wa pekee hakushuhudia chochote. Alikuwa ameisoma karatasi ile ile ambayo Marlys mwenyewe angeweza kuisoma, na Marlys, baada ya miaka yote hiyo kazini, hakujua kuuliza swali la mtoto. Hasira aliyoisikia ilikuwa ya kujipiga kofi.

Na kulikuwa na lile jambo la mbao. Pikapu ya kwenye picha ilikuwa na uzio wa mbao kuzunguka sehemu ya mizigo, na ubao mmoja wa upande ulikuwa umekosekana, pengo kama la jino. "Gari langu halina mbao," Dewey alimwambia katika mahojiano, akiwa amechoka hata kukasirika. "Halijawahi kuwa nazo. Waulize waliolitengeneza." Marlys alimpelekea Bakke neno hilo. "Mbao hufungwa, mbao hufunguliwa," alijibu Bakke, akageukia mambo mengine. Na yeye Marlys akaliacha hapo, kwa kuwa rangi ilikuwa inatosha.

"Afande," Gaylord aliita kutoka mlangoni. "Mwanga hausubiri mtu."

Safari hii alifanya kila kitu kwa mpangilio. Akafunga lenzi. Akapachika kibebeo, akachomoa kifuniko, akafungua lenzi, akangoja huku akisaga meno, akafunga. Mtu mmoja alikatiza na mbwa wake katikati ya kungoja kwenyewe.

"Huyo hatatokea," Pearl alimwambia. "Karatasi ni nzito kuelewa. Anayetembea haimshiki. Inashika kilichotulia tu."

Chumbani, taa nyekundu ilikuwa inawaka juu ya trei, Gaylord amesimama chini yake na koleo lake la mianzi. Marlys alitia karatasi kwenye dawa, akaitikisa trei taratibu kama alivyoelekezwa. Hapo ndipo lilipomjia swali ambalo jaji yeyote mwenye akili timamu angeuliza.

"Hii karatasi naificha na mwanga kama mwizi. Naipakia gizani, naibeba gizani. Mbona humu taa inawaka na haiungui?"

"Taa yenyewe ni dhaifu," alisema Gaylord.

Jibu lilikuwa fupi kwa mtu ambaye, asubuhi hiyo, alikuwa ametumia muda usio na kiasi kumweleza namna ya kushika karatasi kwa ncha. Marlys aliliacha lipite. Kona ya barabara ilikuwa inakuja: anga jeusi kwanza, kisha ukuta wa kanisa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo kuna kitu kilikuwa kimemtii, na hakuwa na nia ya kugombana na mtu.

Waliitia dawa ya kuikaza picha, wakaisuuza, wakaikausha kwa pasi ya umeme, wakailaza juu ya karatasi mpya chini ya kioo na kuimulika. Picha ilipotokea kwenye trei ilikuwa kona yenyewe, safi, kanisa wima, duka wima. Hata Pearl alipiga makofi kidogo. Marlys alikuwa karibu kutabasamu alipoona kibao cha njia panda.

Kilikuwa cheusi. Herufi zake zilikuwa nyeupe vizuri, zinasomeka, na kibao chenyewe cheusi kama sufuria ya kijijini.

"Hiki kimekuwaje?"

"Umeipa mwanga kidogo," alisema Gaylord. "Kosa la kawaida. Tena."

"Mwanga ungekuwa kidogo, na herufi zingefifia. Na kanisa. Na kila kitu." Marlys alisogeza uso karibu na trei. "Kila kitu kiko sawa isipokuwa kibao. Pearl, kibao kile ni cha rangi gani?"

"Chekundu. Vyote si ni vyekundu."

Marlys aliinua macho kwenye taa. Ilikuwa imewaka asubuhi nzima juu ya karatasi zisizotakiwa kuona mwanga.

"Haiungui kwa sababu haiioni," alisema polepole. "Udhaifu wa taa hauna kazi hapa. Karatasi haioni nyekundu. Kwake nyekundu na giza ni kitu kimoja."

"Somo la kwanza hilo," alisema Pearl.

"Mimi sikufundishwa."

"Haiwezekani. Mwalimu huanza nalo kila mara. Huleta tufaha jekundu na limau, tunavipiga, tufaha linatoka jeusi, watu wanacheka." Pearl alimgeukia Gaylord, bado ana uso wa kicheko. "Si ndiyo, mwalimu? Mbona yeye hukumletea tufaha?"

Gaylord alikuwa anafuta koleo lake kwa kitambaa. Alilifuta lote, akarudia kulifuta.

"Muda ulikuwa mfupi," alisema.

Kicheko cha Pearl kilimwishia usoni kidogo kidogo. Hakuwa mjinga Pearl. Alikuwa tu mtu aliyemwamini mwalimu wake.

Marlys alibeba picha yake mpaka chumba cha pili, palipokuwa na masinki ya kuoshea, kwa sababu alihitaji kusimama mahali ambapo hakuna mtu anayepumua. Alikuwa na haki ya kuwaza kwamba sasa hana kitu. Gari jeusi lingeweza kuwa jekundu, na wilaya nzima ina pikapu nyekundu zisizohesabika. Angekwenda mahakamani na nini? Na tufaha?

Juu ya masinki palikuwa na dirisha la kutazama uani. Asubuhi hiyo yeye aliingia kwa mlango wa mbele, na mbele hapakuwa na gari lolote la mwalimu. Lilikuwa huku nyuma, limeegeshwa ubavu kwa ukuta. Pikapu ya zamani, nyekundu ya kuiva, yenye uzio wa mbao kuzunguka sehemu ya mizigo. Ubao mmoja wa upande haukuwepo.

Gaylord hakuwa ameung'oa uzio. Angeung'oa kwa nini? Mji mzima ulikuwa unatafuta gari jeusi.

Marlys alirudi chumbani. Alijiona ametulia, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu Jumanne.

"Nimebakiza karatasi moja," alisema. "Nataka kupiga pikapu yako, mwalimu."

Trei ilikuwa bado inatikisika kidogo kwa mkono wa Pearl.

"Mawingu yameongezeka," Gaylord alisema mwishowe. "Itabidi uipe muda zaidi."

Walitoka uani wote watatu. Gaylord alibeba miguu ya kamera mwenyewe, akaisimamisha mahali ambapo Marlys alimwonyesha, kando ya gari, kama Pearl alivyolipata kutoka gatini. Marlys aliingia kitambaani, akalitazama limepinduka, magurudumu juu, pengo la ubao pale pale. Akakaza. Akatoka, akapachika kibebeo, akashika kifuniko ili akichomoe.

"Lenzi," alisema Gaylord.

Alitazama. Lenzi ilikuwa wazi. Angechomoa, karatasi ya mwisho ingekuwa nyeusi tii kama ile ya tatu, na asingekuwa na kitu mkononi zaidi ya neno lake.

"Kila mara unasahau lenzi," alisema mzee, akanyoosha mkono na kuifunga mwenyewe. "Haya. Sasa."

Ndani, karatasi ilipolala kwenye dawa, anga lilikuja jeusi, ukuta wa matofali ukaja kijivu, dirisha, majani makavu yaliyokuwa chini. Mbao za uzio zikaja moja moja, na pengo. Bodi ya gari haikuja. Ilibaki nyeupe kama karatasi yenyewe, umbo la gari lisilo na gari. Waliingojea, ingawa wote walikuwa wanajua. Walipoichapa, gari lilitoka jeusi, na Marlys alilaza kando yake picha ya Pearl, aliyokuja nayo kutoka kituoni. Bonge la kutu juu ya gurudumu. Taa iliyopinda. Ubao uliokosekana. Hapakuhitajika kioo cha kukuzia.

"Ni wewe ulikuwa kwa Lyle," alisema.

"Nilikuwa nimemwachia boksi langu," alisema Gaylord. Aliongea na trei. "Negativu za zamani. Nilitaka anitengenezee kamera ya ukubwa ule ule, akahitaji kitu cha kupimia. Zilikuwa za karatasi zote, miaka ile filamu tuliisikia tu. Marit alikuwa ndani ya zote. Marit mke wangu. Jikoni, ziwani, akiwa na mimba ya mtoto tuliyempoteza. Sikuwahi kuzichapa. Nilikuwa nasema nikistaafu. Nikastaafu, nikasema mwaka kesho."

Pearl aliweka mkono mdomoni.

"Nilipofika asubuhi ile alikuwa ghorofani anakoka jiko. Akaniambia, Gaylord, yale makaratasi yako yaliyoungua nimeyapatia kazi. Lyle anajua mbao, picha hajui. Aliona uso mweusi na nywele nyeupe, akadhani ni uchafu. Boksi zima. Karatasi ya mwisho ilikuwa bado inajikunja, nikamwona Marit anajikunja." Akaitikisa trei. "Nilimsukuma. Ngazi ilikuwa nyuma yake, sikuifikiria ngazi. Alipoanguka nikakimbia."

Marlys alikumbuka majivu ambayo wao waliyaandika takataka, na ile karatasi yake iliyonyooshwa mezani kwa kiganja. Alimhurumia. Huruma hiyo ilimkasirisha zaidi.

"Hayo ni ya Jumanne," alisema. "Niambie ya siku zilizofuata. Dewey Kangas amelala rumande. Mke wake hamtaki tena. Watoto wameambiwa wasimtaje baba yao. Na wewe unanifundisha kushika karatasi kwa ncha."

"Pearl alipoianika picha, darasa zima lilisema gari jeusi. Mimi sikusema."

"Hukusema."

"Nilingoja mmoja wao akumbuke tufaha. Nimewafundisha wote. Hakuna aliyekumbuka." Kwa mara ya kwanza alimtazama Marlys usoni. "Kila asubuhi niliamka nikisema leo atakumbuka mmoja, yaishe. Na kila jioni nilishukuru hawakukumbuka."

"Mimi nilikaa kitako mbele ya polisi nikasema jeusi," alisema Pearl. "Kwa kinywa changu. Na wewe ulikuwa umesimama nyuma ya kiti changu, Gaylord. Ulinishika bega."

Marlys alitoa pingu, kisha akaona mikono ya Gaylord imelowa dawa mpaka kwenye vifundo.

"Nawa," alimwambia.

"Picha kwanza." Gaylord aliinua picha zote mbili kwa koleo, ya Marlys na ya Pearl, akazipeleka kwenye sinki la maji yanayotiririka. "Hizi zisipooshwa vya kutosha dawa inabaki ndani, zitageuka manjano. Mtu akiziangalia mwaka kesho ataona madoa. Wakili atasema zimechezewa."

"Sina muda, bwana."

"Utakuwa nao. Kaa."

Marlys, ambaye asubuhi nzima hakukubali kuambiwa kaa na mtu yeyote, alijikuta ameegemea ukuta. Mzee alizigeuza picha majini, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu ule ule wa kuudhi. Pearl alikwenda kuketi kwenye ngazi ya nje akiwa amewapa mgongo.

Marlys alimpigia Bakke.

"Umejifunza?" aliuliza Bakke.

"Nimejifunza. Gari si la Dewey. Ninaye mwenye gari, amekiri, nina picha mbili na shahidi wa kukiri kwake. Ondoa kesi."

"Marlys, jaji anakaa saa tisa. Nimeshaandaa kila kitu. Picha ile inaonyesha gari jeusi, hata mtoto—"

"Picha ile inaonyesha gari jekundu. Nitakueleza nikifika, na utanisikiliza mpaka mwisho, na hutanikatiza. Lile la mbao nilikuletea ukaniambia hufunguliwa. Na mimi nikakubali, kwa hiyo aibu tutagawana. Ondoa kesi, Trygve."

Akakata kabla hajajibiwa. Simu ya pili ilimchukua muda kuipiga. Iliita mara moja tu.

"Niambie," alisema Carla.

"Si yeye."

Kilisikika kitu kama kiti kilichovutwa sakafuni.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Alikuwa msituni, kama alivyosema."

"Alinipigia mara ngapi kuniambia hivyo," Carla alisema. "Nilikuwa namkatia. Ya mwisho alikuwa analia na nikamkatia." Pumzi zake zilikuwa zinakatika. "Nilimwambia afie humo humo, Marlys. Wewe ulisikia. Nitamtazama na uso gani?"

Marlys alikuwa na majibu ya mambo mengi siku hiyo.

"Sijui," alisema. "Watamtoa kwa mlango wa nyuma wa mahakama, ule wa kwenye maegesho. Hakuna mtu atakayekuwa pale kumpokea, kwa kuwa hakuna anayejua. Vaa koti uende sasa hivi, Carla. Asitoke akakuta hakuna mtu."